Hodi kwa Pampu ya Sange

Bujumbura, 24 Februari 2025

Mwalimu Rénovat,

Nakusalimu kwa heshima. Nilivuka mpaka salama. Niko Bujumbura kwa mama mdogo, katika chumba ninachokaa pamoja na watoto wake na cherehani yake. Nisamehe kwamba sikukuaga. Siku ile tulipokimbia mtaa wetu wa Mulongwe hakuna aliyemuaga mtu.

Nakuandikia kwa sababu ya pampu ya kituo cha afya cha Sange. Unazikumbuka kadi nilizozitengeneza kwa ajili ya pampu za jua, moja ya Mulongwe na moja ya Sange. Kadi yenyewe si kubwa kuliko kiganja, ina chipu moja katikati, na chipu hiyo ndiyo inayoiambia pampu wakati wa kuvuta maji na kiasi cha klorini cha kutia katika tangi. Simu ya mwisho niliyopokea kabla sijakimbia ilikuwa ya binti yako Marie-Jeanne, muuguzi wa kituo hicho. Radi imepiga karibu na kituo, na pampu haizunguki. Kwa alivyonieleza, chipu haijafa. Imepoteza maagizo yake tu. Mtu akiyaandika upya, maji yatatoka.

Zamani ningepanda pikipiki hadi Sange na kompyuta yangu mgongoni, na jioni ningekuwa nyumbani. Leo siwezi kurudi hata Kavimvira, hapo mpakani. Marie-Jeanne ana kompyuta ya kituo, na programu yangu iitwayo Pandisha imo ndani yake tangu mwaka jana. Lakini programu hiyo haina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika jina lake, kisha unaandika machaguo: kistari na herufi moja, kistari na herufi moja, kila moja na kazi yake. Mimi nayajua kwa kichwa. Maelezo niliyoyaandika ni ya Kifaransa, mistari michache, kama mtu anayejinong'oneza mwenyewe. Nimekunakilia nyuma ya karatasi hii.

Simu haziingii tena Sange, na ya kwako nasikia walikupokonya kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Basi nahitaji maelezo ya karatasi, kwa Kiswahili, ambayo muuguzi aliyechoka anaweza kuyafuata bila mimi. Ulinifundisha kuandika sentensi pale shuleni Kilibula, na hukuridhika na hata moja. Ndiyo sababu nakuomba wewe.

Barua hii anakuletea Mama Élisabeth, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Atapokea jibu akirudi huku na mzigo.

Mwanafunzi wako,
Noella Akimana


Kilibula, 28 Februari 2025

Noella,

Barua yako imenifikia ikinuka samaki. Nilimuuliza Mama Élisabeth kwa nini aliificha humo. Akanijibu: "Mwalimu, mu mufuko ya ndagala hakuna askari anaingiza mukono. Anaogopa bibi yake atamukataza kitanda."

Hukuhitaji kuniomba. Wiki iliyopita nilimtuma Félicien, dereva wa pikipiki, amlete Marie-Jeanne nyumbani kabla vita havijafika Sange. Alirudi na kiti kitupu nyuma yake. "Mutoto yako iko na kichwa nguvu," aliniambia. "Amesema: wagonjwa ya kolera wamejaa mu salle, na minye naenda wapi?" Wanakunywa maji ya mifereji ya mpunga, Noella. Anayachemsha, na makaa yanamwishia. Pampu hiyo isipozunguka, wodi haitaacha kujaa, naye hataacha kushinda kati ya watu hao akishika anachoshika. Nina mtoto mmoja aliyebaki upande huu wa ziwa.

Sasa nisikilize. Maelezo yako hayafai. Kuhusu -f umeandika neno moja, "efface". Kinafutwa nini? Chote au sehemu? Mashine inamuuliza mtu kwanza, au inafuta palepale? Kuhusu -j umeandika "simulation", ukaweka nukta, ukaenda zako. Mtu asiyekujua atasoma neno hilo na kubaki pale alipokuwa.

Kwa kila chaguo nijibu mambo matatu. Linafanya nini. Lisipoandikwa kunatokea nini. Likiandikwa mahali pasipo pake linaharibu nini. Usinifupishie.

Kula vizuri huko uliko.

Rénovat Havyarimana


Bujumbura, 3 Machi 2025

Mwalimu,

Nimejisikia nimerudi kwenye dawati. Haya ndiyo majibu.

-m ni mlango, yaani tundu la kompyuta ambalo waya wa kadi umechomekwa. Kwa kompyuta ya Sange ni 1. Lisipoandikwa, mashine haitaiona kadi, na hakuna kinachoharibika.

-s inasoma kadi na kutaja jina lake. Haiharibu kitu.

-f inafuta maagizo yote ya chipu. Yote, Mwalimu, na haiulizi. Likiandikwa peke yake, chipu inabaki tupu.

-a inaandika maagizo mapya kutoka katika faili. Jina la faili lazima lifuate. Bila -f mbele yake, mapya yanajichanganya na mabaki ya zamani, kwa hiyo mawili hayo huenda pamoja.

-j ni jaribio. Mashine inakwenda hadi kwenye kadi, inataja jina la kadi iliyoikuta na jina la pampu ambayo faili ni lake, kisha inaondoka bila kugusa kitu. Mimi huiweka ninapokuwa na wasiwasi.

Nimetia faili katika flashi ndogo iliyofungwa na barua hii. Faili lenyewe linaitwa "kazi", ili jina lisimchoshe. Mama Élisabeth amesema ataishona kwenye pindo la kitenge, maana kwenye barrière anayekutwa na flashi anaulizwa yeye ni mjumbe wa nani.

Mwambie Marie-Jeanne afute na kuandika asubuhi, jua likiwa limepanda, ili umeme usikatike katikati.

Noella


Kilibula, 6 Machi 2025

Marie-Jeanne, mwanangu,

Félicien anakuletea flashi na karatasi hii. Flashi imetoka kwa Noella. Karatasi ni yangu. Isome yote kabla hujagusa kompyuta.

"Fungua dirisha jeusi. Chomeka waya wa kadi. Andika pandisha -m 1 -s. Jina la kadi likionekana, waya umekaa sawasawa. Lisipoonekana, chomoa, chomeka tena.

Chaguo -f hufuta maagizo yote ya chipu wala halimuulizi mtu. Lisiandikwe peke yake.

Chaguo -a huandika maagizo mapya. Baada yake acha nafasi, kisha andika jina la faili, ambalo ni kazi. Machaguo haya mawili huenda pamoja: pandisha -m 1 -f -a kazi.

Chaguo -j ni hodi. Ukiliweka, mashine husimama mlangoni, hutaja iliyemkuta na ilichokileta, na haigusi kitu cha mwenye nyumba. Usifute wala usiandike bila hodi."

Umelelewa kupiga hodi hata kwa shangazi yako mwenyewe. Kadi ya pampu nayo ipewe heshima hiyo.

Maji yakitoka, rudi nyumbani walau siku mbili. Hilo silo ombi.

Baba yako,
Rénovat


Bujumbura, 9 Machi 2025

Mwalimu,

Kama flashi bado iko kwako, usiipeleke Sange. Nakuandikia haraka na Mama Élisabeth ananisubiri mlangoni.

Leo nimefungua kompyuta yangu kutafuta kitu kingine, nikaliona faili la Sange limekaa pale pale, halijanakiliwa. Nililotia katika flashi ni la Mulongwe. Nilikuwa nayo yote mawili kwa jina moja, "kazi", katika mafolda mawili. Watoto walikuwa wanapiga kelele, umeme ulikuwa unakatika, lakini hiyo si sababu. Ni mimi.

Pampu itazunguka na faili hilo. Hapo ndipo penye hatari. Mulongwe tangi ni la kulisha mtaa mzima. Sange ni pipa la kituo tu. Kadi itatia klorini ya tangi la Mulongwe ndani ya pipa la Sange, na watu wenye kiu hawatangoja kunusa. Kwa mtu mzima itachoma koo na tumbo. Kwa mgonjwa wa kipindupindu, au mtoto, sitaki kuandika.

Tafadhali niambie bado unayo.

Nakutumia faili lenyewe mara nitakapopata flashi nyingine.

Noella


Kilibula, 11 Machi 2025

Marie-Jeanne,

Usifute. Usiandike. Kama umekwisha kuandika, mtu yeyote asinywe maji ya bomba hilo, hata yakitoka safi kama ya mvua. Mwaga pipa lote. Faili lililomo katika flashi si la Sange, na klorini yake inazidi sana.

Nijibu kwa mtu yeyote anayeshuka, hata kwa neno moja.

Baba


Kilibula, 14 Machi 2025

Noella,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na moja. Siku hiyohiyo nimeandika Sange, na maneno niliyoyaandika ni ya wazi. Tafuta flashi nyingine. Usikae bila kulala kwa jambo ambalo limekwisha kushughulikiwa.

Rénovat Havyarimana


Kilibula, 14 Machi 2025

Marie-Jeanne,

Naandika mara ya pili. Barua ya tarehe kumi na moja iko mezani kwangu, imerudi. Félicien alifika Kiliba, katikati ya njia ya Sange, akageuzwa. Vijana wa barrière waliifungua, wakaisoma kwa sauti mmoja kwa mwingine, wakamwambia: "Usifute, usiandike, ni code ya nani hii? Weye uko facteur ya barua ya serikali gani?" Wakamnyang'anya mafuta ya pikipiki na kumrudisha kwa miguu, akiisukuma.

Leo naandika kwa maneno ambayo hayafanani na siri. Maji ya bomba la kituo yana sumu, msiyanywe, mpaka nikuandikie tena. Barua hii nampa mama mmoja anayesema atapita mashambani. Nampa na mwingine nakala kesho. Sijui ni yupi atakayefika.

Nimemwandikia Noella kwamba nimekuandikia. Ni kweli. Sikumwandikia kwamba hukupokea.

Baba


Sange, 17 Machi 2025

Papa,

Salamu kwako na kwa wote wa Kilibula. Nina mtu anayeshuka leo na kuku zake, nampa hii. Tangu ile karatasi ya tarehe sita sijapata neno kutoka kwako, na risasi za juzi zimewafanya watu wasitembee.

Papa, sitaki kukukosea heshima, lakini mmenichosha, ninyi wawili. Nimefuata karatasi yako neno kwa neno. Naisoma mbele ya kompyuta kama somo la misa. Kila asubuhi naandika: pandisha -m 1 -j -f -a kazi. Kila jioni tena. Mashine inajibu vizuri, haina kiburi, na mwisho husema fini, kwamba imemaliza. Inasema: Kadi: SANGE. Faili: MULONGWE. Fini. Nikaona sawa, Noella ni mtu wa Mulongwe, ameweka jina la kwao. Natoka mbio hadi kwenye pampu, nayo imenyamaza. Narudi. Fini. Natoka. Imenyamaza.

Hodi sijaacha hata mara moja, usiseme nimeacha. Kwa kila amri nimepiga hodi, kama ulivyonilea.

Juzi niliwaita akina mama na ndoo zao, nikafungua bomba mbele yao. Likatoa upepo. Mama Louise, yule anayetufulia mashuka, akasema: "Infirmière, hiyo mashine yako inajua kusema fini, lakini kuanza bado." Wote wakacheka hadi wagonjwa wakauliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, kisha nikaingia stoo.

Mwambie Noella kadi yake imekufa. Asitume kitu kingine. Watu wa hapa wakingoja kitu, hawaendi kutafuta makaa, na mimi nahitaji makaa.

Niko mzima. Nimepungua kidogo kwa sababu ya kazi.

Binti yako,
Marie-Jeanne


Kilibula, 19 Machi 2025

Noella,

Nafunga na barua hii ile ya Marie-Jeanne, ili uisome kwa macho yako. Mwenye kuku aliniletea jana.

Nilikuambia usikae bila kulala. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo kama mzee kwa kijana, lakini ukweli sikukuambia. Barua zangu za kumzuia hazikumfikia hata moja. Kwa siku zote hizi nimekaa nikijua kwamba faili lile liko mkononi mwake, na aliyemfundisha namna ya kuliandika ni mimi.

Sasa ona alichoandika. Amefuta na kuandika asubuhi na jioni. Jina la Mulongwe limejitokeza mbele yake kila mara, naye akalipa maana yake mwenyewe. Pampu haizunguki leo. Je, itazunguka kesho, kwa ghafla, na klorini yote hiyo? Kadi imeungua? Nimepeleka mtu mwingine jana hiyohiyo, kumwambia asimruhusu yeyote kunywa.

Nijibu mambo matatu kama nilivyokuomba mwanzo. Amefanya nini. Kimeharibika nini. Nimwambie afanye nini. Usinionee huruma katika jibu.

Rénovat Havyarimana


Bujumbura, 21 Machi 2025

Mwalimu,

Hajafanya kitu. Hakuna kilichoharibika. Nimeanza na hayo ili usisome mengine ukiwa umesimama.

Tazama amri yake: pandisha -m 1 -j -f -a kazi. Hiyo -j imo ndani. Ikiwa imo, mashine haifuti wala haiandiki, hata ungeiagiza mara mia. Asubuhi na jioni Marie-Jeanne amepiga hodi kwenye nyumba hiyo, ameitikiwa, ametajiwa waliomo, kisha akageuka na kuondoka. Hajaingia hata mara moja. Hakuna tone la klorini lililotiwa. Faili la Mulongwe halijaigusa kadi. Kadi ni nzima, na imekaa kama radi ilivyoiacha.

Nilisoma barua yake nikiwa nimesimama uani, nikaketi palepale chini. Mama mdogo alikuja mbio akidhani nimepata habari ya kifo. Nilimwambia kwa nini nalia, akasema: "Basi ni kwa sababu ya kulelewa vizuri?" Nikamwambia ndiyo, ni kwa sababu hiyo.

Kosa lako, kama unaruhusu mwanafunzi kulitaja, ni moja. Uliandika kwamba asiingie bila hodi, lakini hukuandika kwamba baada ya kukaribishwa hodi inaondolewa. Nadhani hukuona haja. Nani aliye ndani ya nyumba akaendelea kupiga hodi? Kosa langu ni kubwa zaidi, mbali na flashi. Programu yangu inasema "Fini" ikimaliza kujaribu na "Fini" ikimaliza kazi yenyewe. Mtu yeyote angedhani kazi imekwisha. Hilo nimelirekebisha leo hii katika kompyuta yangu, lakini ya Sange bado ni ileile, basi muuguzi wetu aonywe.

Flashi mpya hii hapa. Nimekagua faili mara tatu, na mama mdogo amesoma kwa sauti jina la SANGE lililomo ndani yake, naye hajui hata kuiwasha kompyuta. Mwandikie Marie-Jeanne hivi:

Kwanza pandisha -m 1 -j -f -a kazi. Soma majina. Ukiona SANGE kwenye kadi na SANGE kwenye faili, umekaribishwa. Hapo andika tena amri ileile ukiondoa -j. Ukiona jina jingine lolote, hata la kwetu, usiingie.

Na umwambie kwamba maneno yake yote juu yangu nimeyapokea, ila moja. Nitatuma.

Noella


Sange, 28 Machi 2025

Noella dada,

Imefika. Flashi ilikuwa ndani ya muhogo uliotobolewa, Félicien ndiye aliyebuni, na amejisifu hadi nikamwambia anyamaze.

Barua tatu za Papa zimefika siku moja, za tarehe tofauti. Ya mwisho ikafika kwanza, kwa hiyo nilijua niko salama kabla sijajua kwamba nilikuwa hatarini. Kisha nikasoma ile ya sumu. Nikaenda kuketi. Nilikuwa nimeapa, mbele ya Mama Louise, kwamba siku maji yatakapotoka mimi ndiye nitakayekunywa wa kwanza, kikombe kizima, ili watu wasiogope.

Jumatano asubuhi nilipiga hodi. SANGE na SANGE. Mama Louise alikuwa nyuma yangu, nikamwambia asome naye. Akasema, "Minye sijui kusoma vizuri, lakini hizo mbili zinafanana." Nikaondoa -j. Mkono ulikuwa mzito, kwa sababu nilijisikia naingia kwa mtu bila ruhusa. Nikabonyeza.

Safari hii ilikawia kabla ya kusema Fini. Zile nyingine zilikuwa zinasema upesi. Ningekuwa na akili ningelijua hilo mapema.

Hatukukimbia nje. Tulikuwa tumechoka kukimbia. Tulisikia tu pampu ikikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikashika. Mama Louise alichukua beseni la mashuka machafu akaenda nalo bombani kwa mwendo wake wa kawaida, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo kila siku. Aliporudi alikuwa amelowa hadi kichwani, nayo mashuka yalikuwa bado makavu.

Nimepima klorini kwa vile vikaratasi vya kupimia ulivyoviacha kituoni. Ni sawasawa. Nimepima tena. Ni sawasawa.

Wagonjwa wapya wamepungua jana na leo. Ni mapema kusema, lakini nimesema.

Niliandika kwamba usitume kitu kingine. Hilo nalirudisha. Tuma kila kitu.

Marie-Jeanne


Kilibula, 5 Aprili 2025

Noella,

Nilikwenda Sange. Njia ilifunguliwa kwa watu wa soko, nikapanda nyuma ya Félicien pamoja na magunia. Kiliba wale vijana walinitazama suti yangu wakauliza naenda kufanya nini. Nikawaambia naenda kusahihisha. Wakaniacha nipite. "Mwalimu," Félicien aliniambia tulipokuwa mbali nao, "ungekuwa na bunduki wangekuuliza zaidi."

Marie-Jeanne alituficha jambo. Barua ile aliyoandika kwamba amepungua kidogo kwa sababu ya kazi, aliiandika akiwa amelazwa katika wodi yake mwenyewe, mkono mmoja ukiwa na sindano ya seramu. Kipindupindu kilimkamata siku chache kabla ya barua hiyo. Asubuhi na jioni aliinuka kitandani, akashika ukuta hadi kwenye kompyuta, akapiga hodi, akarudi kulala. Mama Louise ndiye aliyenieleza, mbele yake, naye alikasirika sana. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Nilipoona blauzi inavyomwelea mabegani, sikuyasema. Amepona. Anakula. Nimeuona mwenyewe ubwabwa na maharagwe ukiisha sahanini.

Anayo makaa gunia zima ambalo halina kazi tena. Vitanda viwili havina mtu, na magodoro yake yameanikwa uani. Nilikunywa maji ya bomba. Yananuka dawa kidogo tu.

Niliomba anionyeshe kila kitu katika dirisha jeusi, ili nimalize maelezo yetu nikiwa nimeona kwa macho. Tuliketi kwenye benchi, pampu ikinguruma nyuma ya ukuta na watoto wakigombania zamu ya ndoo. Yeye alitaja, mimi niliandika. Tulimaliza -m na -s. Tulimaliza -f, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba halimuulizi mtu. Tukafika kwenye -j, nikamuuliza tuandikeje ili yule atakayekuja baada yake aelewe ni lini hodi inaondolewa. Nikauliza tena.

Alikuwa amelala, adhuhuri, ameketi, kichwa chake begani kwangu. Mtu alikuja kumtafuta. Mama Louise alimzuia mlangoni kwa beseni.

Utaona kwamba ukurasa wa mwisho wa maelezo niliyoyafunga na barua hii umeandikwa nusu tu. Mkono wangu wa kuandikia ndio alioulalia, nami sikuuondoa.

Rénovat Havyarimana